Ekseli mpya za BMX: Nani atakubali kutupa nati?

FAINALI ya wanawake ya mbio za baiskeli za BMX katika Olimpiki ya Tokyo, Julai 2021, iliamuliwa kwa sekunde 0.09. Beth Shriever wa Uingereza alikata utepe kwa sekunde 44.358. Mariana Pajón wa Colombia, bingwa wa London 2012 na Rio 2016, akafika kwa sekunde 44.448. Ukitaka kuipata picha, hiyo ni tofauti isiyofika hata mita moja, kama mshambuliaji aliyemtangulia beki kwa urefu wa mguu tu.

Kwa upande wa wanaume mambo hayakuwa mbali na hapo. Niek Kimmann wa Uholanzi, aliyekuwa ameumia goti baada ya kugongana na ofisa aliyekatiza njia mazoezini, alimpita Kye Whyte wa Uingereza kwa sekunde 0.114.

Mchezo ukishakuwa wa kugombea makombo ya sekunde namna hiyo, kila chuma kwenye baiskeli kinatazamwa upya. Matairi yameshachunguzwa, helmeti zimeshachunguzwa, fremu zimehamia kwenye karboni. Sasa zamu imefika kwa kitu ambacho shabiki wa kawaida hajawahi kukitolea macho: ekseli, yaani kile chuma kinachopita katikati ya gurudumu na kulishika kwenye baiskeli.

Swali linalowagawa watu wa BMX ni rahisi kuliuliza na gumu kulijibu. Je, ekseli ya zamani ya kufunga kwa nati mbili imefika mwisho, au hizi mpya ni ujanja wa wauzaji wa kutafuta mkwanja?

Mchezo wa sekunde arobaini

Kwa shabiki aliyezoea dakika 90, BMX inahitaji maelezo kidogo. Mchezo huu ulizaliwa California, Marekani, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, watoto walipoanza kuiga mashindano ya pikipiki za matopeni kwa kutumia baiskeli zao ndogo. Mashindano ya kwanza ya dunia yalifanyika 1982, na Olimpiki ikaupokea mchezo Beijing 2008, ambako Māris Štrombergs wa Latvia na Anne-Caroline Chausson wa Ufaransa walitwaa dhahabu za kwanza.

Waendeshaji wanane wanapanga mstari juu ya mlima wa kuanzia, ambao kwa wakubwa una urefu wa mita nane, sawa na nyumba ya ghorofa mbili hivi. Lango linaanguka, wanashuka, wanaruka matuta, wanakata kona zilizoinuliwa, na ndani ya sekunde 40 hivi mchezo umekwisha. Hakuna dakika za nyongeza. Ukichelewa langoni, umekwisha.

Baiskeli yenyewe ni ya kawaida mno. Magurudumu ni ya inchi 20, gia ni moja, breki ni moja tu ya nyuma, na hakuna springi ya kupunguza mtikisiko. Mtu akiruka tuta na kutua vibaya, kishindo chote kinapita kwenye tairi, spoki, habu na ekseli kabla ya kufika mikononi na magotini mwake.

Nati ya fundi wa kitaani

Ekseli ya zamani haina siri. Ni fimbo ya chuma iliyojaa, nene kama milimita 10, yenye meno ncha zote mbili. Inaingia kwenye mkato ulio wazi wa foku mbele au fremu nyuma, halafu nati zinakazwa huku na huku. Fundi yeyote wa chini ya mwembe aliyewahi kushika Phoenix au Swala anaijua kazi hiyo akiwa amefumba macho: spana namba 15, kaza kulia, kaza kushoto, zungusha gurudumu uone kama linakwenda sawa. Tayari.

Kinachoishikilia ekseli pale ni msuguano tu. Nati inaibana fremu, fremu inaibana ekseli, na hapo ndipo usalama wa mwendeshaji unapokaa.

Mfumo huu umeishi zaidi ya nusu karne ndani ya BMX kwa sababu tatu. Ni wa bei ya chini. Unapatikana kila mahali. Na nati ikiisha meno, unanunua nyingine kwa hela ya maji ya kunywa.

Hizi mpya zina nini?

Ekseli mpya ni ya kupenyeza. Badala ya mkato ulio wazi, foku inakuwa na matundu mawili kamili yaliyofunga pande zote. Gurudumu linawekwa katikati, kisha bomba pana linasukumwa kutoka upande mmoja, linapita ndani ya habu na kutokea upande wa pili, ambako linakazwa kwa ufunguo wa alenki. Hakuna nati inayobaki imechomoza nje.

Mbele, kipimo kilichopata umaarufu ni milimita 20. Kampuni kama Box na Answer zimeshauza foku za karboni za kipimo hicho. Nyuma, ambako upana wa habu umebaki milimita 110 ileile, kuna fremu za milimita 10, za milimita 15 na hata za 20.

Hoja ya wahandisi ni ya hesabu, na hesabu yenyewe haina ubishi. Ugumu wa fimbo dhidi ya kupinda hauongezeki sambamba na unene wake. Ukiongeza unene mara mbili, ugumu unapanda mara 16. Ndiyo maana bomba lenye uwazi ndani linaweza kuishinda fimbo iliyojaa. Chukua bomba la alumini lenye upana wa milimita 20 na ukuta wa milimita 2, uliweke pembeni ya fimbo ya chuma ya milimita 10 yenye urefu uleule. Bomba litakuwa gumu kupinda karibu mara tatu, na uzito wake utakuwa kama nusu tu.

Faida ya pili ni ya mbele hasa. Bomba hilo pana linaifunga miguu miwili ya foku kuwa kitu kimoja. Mwendeshaji anapolala kwenye kona kwa kasi, mguu mmoja wa foku haupati nafasi ya kwenda kivyake. Usukani ukielekezwa kushoto, gurudumu linakwenda kushoto muda uleule.

Hapo watetezi wa ekseli mpya wanapiga makofi. Lakini wapinzani nao wana la kusema, na si dogo.

Ekseli ni fupi, kama sentimita kumi tu kati ya mguu na mguu. Kabla haijapinda kiasi cha kusumbua, tairi limeshabonyea, spoki zimeshanyooka na foku yenyewe imeshacheza. Upepo wa tairi ukipungua kidogo, tofauti yake mwendeshaji anaisikia mapema kuliko tofauti ya ekseli. Na aliyechelewa kuitikia taa za lango hawezi kuokolewa na bomba la alumini, hata liwe la bei gani.

Vita halisi iko nyuma

Ukitaka kujua kama ekseli mpya zitashika, usitazame gurudumu la mbele. Tazama la nyuma, maana huko ndiko kwenye shida ya kweli, na huko ndiko kwenye kikwazo kikubwa zaidi.

Shida ni lango. Waendeshaji wa kiwango cha juu wanaweza kutoa zaidi ya wati 2,000 katika mikanyago ya kwanza, nguvu inayotosha kuwasha pasi mbili za umeme kwa pamoja. Nguvu hiyo yote inapita kwenye cheni. Kwa gia ya meno 44 mbele na 16 nyuma, ambayo imetumika sana katika mchezo huu, na mkono wa pedali wa milimita 175, kila kilo inayokanyagwa kwenye pedali inakuwa karibu kilo mbili kwenye cheni. Mtu wa kilo 80 akisimama tu juu ya pedali moja, cheni inavutwa kwa zaidi ya kilo 150. Hapo hajaanza kuuvuta usukani kwa mikono yake miwili.

Mvuto wote huo uko upande mmoja, upande wa kulia. Nati ya kulia ikilegea kidogo, ekseli inateleza mbele kwenye mkato, gurudumu linakaa upande, tairi linaanza kulamba fremu na cheni inalegea. Cheni ikiruka langoni, mwendeshaji anaikanyaga hewa huku wenzake saba wakiteremka. Ndiyo maana baiskeli nyingi za mashindano huwekewa vivutio vidogo vya kuizuia ekseli isiteleze. Ni dawa ya ugonjwa ambao kila mtu anaujua.

Ekseli ya kupenyeza inamaliza tatizo hilo kwa upande mmoja: tundu likiwa limefunga, ekseli haina pa kuteleza. Lakini hapohapo inaleta tatizo jingine. Baiskeli ya BMX haina mtambo wa gia wa kuivuta cheni ikilegea. Cheni hukazwa kwa njia moja tu, kulisogeza gurudumu nyuma kwenye mkato. Ukishaufunga mkato kuwa tundu, unaikaza vipi?

Watengenezaji wamejibu kwa kuweka vipande vya chuma vinavyoteleza ndani ya fremu, vikiwa na tundu la ekseli na skrubu za kuvisogeza. Inafanya kazi. Ila sasa kitu kilichokuwa na nati mbili kimekuwa na vipande kadhaa, kila kimoja kikiwa na skrubu zake, na kila skrubu ikiwa na uwezo wa kulegea. Kazi ya dakika mbili ya kubadili gia kati ya raundi na raundi inataka umakini zaidi.

Somo la milimani na barabarani

Historia ya michezo mingine ya baiskeli inaonyesha jambo moja la wazi. Ekseli ya kupenyeza haikushinda kwa nguvu zake peke yake. Ilibebwa mgongoni na breki za diski.

Kwenye baiskeli za milimani, ekseli ya milimita 20 ilianza kwa wale wa kushuka mlima kwa kasi, wenye foku ndefu za springi. Breki za diski zilipoenea, ikaonekana kwamba breki ya mbele ikishika kwa nguvu inaweza kulisukuma gurudumu kutoka kwenye mkato ulio wazi. Hilo halikuwa suala la sekunde tena, lilikuwa suala la meno na shingo za watu. Mwaka 2008 Fox na Shimano wakaja na kipimo cha milimita 15 kwa waendeshaji wa kawaida, na miaka michache baadaye mkato wa zamani ukawa umebaki kwenye baiskeli za bei ya chini.

Barabarani ilikuwa hivyohivyo, tena kwa vurugu. Shirikisho la kimataifa la baiskeli, UCI, liliruhusu majaribio ya breki za diski, likayasimamisha baada ya mbio za Paris-Roubaix za Aprili 2016 ambako Mhispania Francisco Ventoso alisema diski ilimkata mguu, kisha likayarudisha mwaka uliofuata. Mwaka 2018 likaziidhinisha rasmi. Diski zilipoingia, ekseli za kupenyeza za milimita 12 ziliingia nazo mlango uleule.

Sasa irudishe hesabu hiyo kwenye BMX. Breki ya mbele haipo. Foku ya springi haipo. Sababu mbili zilizoilazimisha milima kubadilika hazimo kabisa kwenye mchezo huu. Kilichopo ni breki moja ya nyuma, ambayo kwenye mbio nzima mwendeshaji anaweza asiishike hata mara moja.

Lakini breki za diski zimeanza kuingia BMX pia, kwenye baiskeli za wakubwa. Na diski inataka gurudumu likae palepale kila linaporudishwa, bila kuhama hata unywele, la sivyo linapiga kelele na kusugua. Hapo ekseli ya kupenyeza inapata rafiki. Diski zikishika BMX, ekseli mpya ya nyuma itashika. Diski zikibaki kuwa pambo la matajiri, nayo itabaki hapohapo.

Ndugu yake alishabadilika

Wapo wanaosema BMX haibadiliki. Si kweli. Ndugu wa mbio, yaani BMX ya kuchezea michezo ya hewani na kwenye ngazi za mitaani, aliiacha ekseli ya milimita 10 ya nyuma zamani na kuhamia milimita 14. Sababu haikuwa tangazo la kampuni. Vijana walikuwa wanaruka ngazi na kutua kwa gurudumu la nyuma, na ekseli zilikuwa zinakunjika. Nati zikabaki, fimbo ikanenepa.

Mbele nako walijaribu kunenepesha. Miaka ya 1990 zilikuwepo foku nyingi za milimita 14, lakini baadaye wengi wakarudi kwenye ile nyembamba, kwa kuwa mbele haikuwa inakunjika. Mchezo ulichukua ulichokihitaji na kurudisha kilichobaki dukani.

Hicho ndicho kipimo kizuri kuliko maneno ya wauzaji. Watu wanabadili ekseli pale ya zamani inapowaangusha. Kwenye mbio, ya mbele inawaangusha mara chache sana. Ya nyuma inawasumbua, lakini vile vivutio vya bei ndogo vinatibu sehemu kubwa ya ugonjwa.

Mzazi ndiye mwenye kura

Shabiki anayeitazama BMX kila baada ya miaka minne anaweza kudhani mchezo huu ni wa akina Joris Daudet, Mfaransa aliyetwaa dhahabu ya Paris 2024 mbele ya Wafaransa wenzake wawili, au Saya Sakakibara wa Australia aliyeshinda upande wa wanawake. Ukweli ni kwamba uhai wa mchezo uko kwa watoto. Wanaojaza viwanja wikiendi baada ya wikiendi ni watoto na wazazi wao, na hata mashindano ya dunia huwa na madaraja yao kwa umri.

Mtoto anakua. Fremu ya mwaka huu mwakani ni fupi. Mzazi anauza fremu, anabakiza magurudumu, anayahamishia kwenye fremu mpya, na mdogo mtu anarithi kilichobaki. Biashara hiyo ya mkono kwa mkono inawezekana kwa sababu moja: magurudumu yote yanaingia kwenye fremu zote.

Sasa weka fremu ya 10, ya 15 na ya 20 kwenye uwanja mmoja. Gurudumu la jirani halikuingii. Tairi likipasuka kabla ya nusu fainali, huwezi kukimbilia kwa rafiki ukaazima. Kampuni zinatoa vipunguzio, vile vijibomba vya kuifanya habu au foku pana ipokee ekseli nyembamba, na vinasaidia kweli. Ila kila kipunguzio ni kitu kingine cha kununua na kingine cha kupoteza.

Na mtoto wa kilo 25 hahitaji bomba la milimita 20. Uzito wake haukunji chuma chochote.

Suala la fedha si hadithi za pembeni. Shriever huyohuyo wa sekunde 0.09 alifika Tokyo kwa njia ngumu. Baada ya Olimpiki ya Rio, fedha za maandalizi ya BMX nchini Uingereza zilielekezwa kwa wanaume pekee. Akafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu shuleni, akawaomba watu wamchangie mtandaoni, na ndivyo alivyoendelea kukimbia hadi dhahabu. Ikiwa bingwa wa Olimpiki kutoka nchi tajiri alipita mlango huo, mwingine anayeanza leo anahesabu kila senti. Kifaa kinachoongeza gharama bila kuongeza ushindi unaoonekana kinapunguza idadi ya watoto langoni.

Kwa Afrika hesabu ni kali zaidi. Afrika Kusini imeshaandaa mashindano ya dunia ya BMX, Pietermaritzburg mwaka 2010, na Sifiso Nhlapo aliiwakilisha nchi hiyo Beijing 2008 na London 2012. Kwa bara lenye viwanja vichache na maduka machache ya vipuri vya mchezo huu, baiskeli inayotengenezeka kwa spana ya fundi yeyote ni faida. Ekseli ambayo ikiharibika meno inasubiri kifurushi kutoka Ulaya ni msimu uliopotea.

Kanuni hazitaamua

Kuna wanaongoja UCI lipulize filimbi. Watangoja sana. Kanuni za BMX zinajali usalama wa ekseli, kwa mfano haziruhusu ichomoze zaidi ya milimita 5 nje ya nati, lakini hazimlazimishi mtu kuchagua kati ya nati na bomba. Hapa VAR haipo. Soko litaamua lenyewe.

Na soko linaonekana kuelekea kugawanyika. Mbele, kwa wakubwa wenye foku za karboni, milimita 20 ina nafasi nzuri ya kubaki: ni nyepesi, ni ngumu, haigusi cheni, na vipunguzio vinairuhusu iishi na magurudumu ya zamani. Nyuma kutakuwa na mvutano mrefu, kwanza kwa sababu ya cheni, pili kwa sababu kampuni zenyewe hazijakubaliana kipimo. Zikikubaliana kipimo kimoja, na diski zikaendelea kusogea, mambo yanaweza kugeuka haraka. Zikiendelea kila moja na lake, wazazi watabaki na nati zao, na watakuwa na haki.

Kwa watoto na wanaoanza, nati haiendi popote. Atakayeshinda Olimpiki ijayo anaweza kuwa amefungwa kwa bomba la milimita 20 mbele na 15 nyuma. Karibu kila aliyewahi kushinda alianza na nati mbili na spana ya baba. Kampuni itakayosahau hilo itauza fremu chache za bei kubwa kwa watu wachache, na kuliacha lango likiwa na nafasi tupu.